Mstari Uliomkana Immakulata

Nesi Rabia alikigeuza kishikwambi upande wa dirisha, akakigeuza tena upande wa ukuta, kana kwamba kosa lilikuwa la mwanga.

"Mama Mpawe, nisamehe," alisema kwa ile sauti yake ya Tanga ambayo kukaa kwake Kibondo hakujaipunguza utamu. "Mimi naandika mama, chenyewe kinafuta. Kinaandika mlezi. Nimejaribu weee, nimechoka."

Immakulata alikuwa kwenye benchi la zahanati, amempakata mtoto wake wa mwisho, Nduwayezu, ambaye alikuwa bado kifua wazi baada ya kutoka kwenye mzani. Alimvalisha shati, akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni ambacho mtoto hakipendi.

"Haya," alisema. "Andika mlezi, mwanangu, tuwahi shamba."

Mpawenimana, binti yake wa kwanza, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa likizo kutoka chuoni Kasulu. Aliijua ile "haya" ya mama yake. Ndiyo aliyoisema siku ya mazishi ya baba, watu walipomwambia atoke nje sasa, jeneza linaondoka.

Programu ile ya kwenye kishikwambi ilikuwa mpya pale zahanati. Ilitaka jina la mwisho la mtoto lifanane na la baba yake au la mama yake. Likifanana, sawa. Lisipofanana, mtu mzima aliyekuja na mtoto aliandikwa mlezi, na nesi hakuwa na mahali pa kubishana. Lakini katika nyumba ya Immakulata hakukuwa na jina lililofanana na jingine. Watu wa asili ya Burundi hawamvishi mtoto jina la baba kama shati la kurithi. Kila mtoto hupewa lake, na jina hilo husema nyumba ilikuwa na nini siku ile. Mpawenimana, nimepewa na Mungu, kwa sababu Immakulata alikaa sana bila mtoto hadi ndugu wa mume wakaanza kunong'ona. Niyonkuru, Mungu ndiye mkuu, kwa sababu mwaka ule muhogo ulioza wote ardhini na bado wakala. Huyo sasa yuko Buhigwe anajifunza ufundi wa pikipiki. Na Nduwayezu, mimi ni wa Yesu, kwa sababu alizaliwa baba yake akiwa tayari kaburini, na mama hakutaka mtu yeyote aseme mtoto huyu hana mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani Immakulata alimbeba Nduwayezu mgongoni ingawa mtoto alishakuwa mkubwa wa kutembea, na yeye mwenyewe akilalamika anataka kutembea. Hakumshusha. Walipofika kwenye migomba yao ndipo aliposema.

"Serikali ilitupa uraia, cheti ninacho. Leo mashine inaninyang'anya watoto."

"Mama, ni kompyuta tu. Haijui chochote."

"Si ndiyo hiyo unayosomea?"

"Ego, mama. Ndiyo hiyo."

"Haya."

Mpawenimana alipanda basi la Kasulu na hiyo "haya" ya pili. Ilikaa naye kote njiani, hadi Makere, wachuuzi walipozunguka madirisha na mahindi ya kuchoma, na yeye asinunue.

Alikuwa anasoma stashahada ya kompyuta. Muhula ule mwalimu wao, Crispin, mtu wa Mbeya aliyepangiwa kazi Kasulu na kuizoea baridi yake kwa sababu si mgeni wa baridi, alikuwa akiwafundisha habari za programu za chanzo huria: zile ambazo maandishi yake ya ndani hayakufungiwa. Anayetaka kuyasoma anayasoma. Anayeona kosa anarekebisha nakala yake, kisha anawapelekea wasimamizi ombi kwamba rekebisho lake lipokelewe. Wakikubali, linaingia, na kila anayetumia programu duniani anatumia na kazi yake. Mpawenimana alikuwa amelisikiliza somo hilo kama mtu anavyosikiliza habari za ndege za juu kabisa, zinazopita na moshi wake bila kutua.

Sasa alimfuata mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, ile programu ya kliniki za watoto, nayo imefungiwa?"

Crispin aliangalia kwenye simu yake. "Hapana. Hii hapa, iko wazi. Ina wasimamizi wa nchi nyingi. Kwa nini umeuliza?"

Akainamisha kichwa, akanyamaza. Mwalimu alisubiri kidogo, akaenda zake.

Maabara ya chuo ilikuwa na kompyuta kuukuu ambazo herufi zake nyingine zilibonyezwa kwa kucha. Kando ya Mpawenimana alikaa Nickson, kijana wa Kasulu mjini ambaye mama yake anauza mawese sokoni, na ambaye mdomo wake haukuwahi kukaukiwa. Walisoma maandishi ya ile programu ya kliniki, faili baada ya faili. Mara nyingi hawakuelewa. Nickson alishachoka, anatafuta matokeo ya mpira, Mpawenimana aliposimamisha kidole kwenye kioo.

Ulikuwa mstari mmoja, mfupi kuliko salamu. Ulisema jina lisipolingana, uhusiano ni mlezi. Basi.

Alikuwa amejiandaa kumkuta adui. Alitaka kabisa kumkuta. Mtu anayekaa mahali fulani na kuamua nani amezaa na nani hakuzaa anapaswa walau awe na sura mbaya. Lakini pale hapakuwa na ubaya wowote. Palikuwa na mtu aliyeandika haraka akidhani dunia yote inaishi kama nyumbani kwao, na kutoka kwenye haraka yake hiyo, mwanamke mmoja Kibondo amebeba mtoto mgongoni njia nzima asimshushe.

"Hii ndiyo imemkana mama yangu," alisema.

Nickson aliacha mpira.

Rekebisho lenyewe halikuwa kubwa. Aliuondoa ule mstari, akaandika kwamba mama ni yule ambaye nesi amemwandika kuwa mama, jina liwe vyovyote. Alilijaribu, likavunjika; akalijaribu tena, likavunja kitu kingine; hatimaye likasimama. Kisha akaandika maelezo ya ombi lake kwa Kiingereza cha chuo. Alianza hivi: Wasimamizi wapendwa, natumaini hamjambo huko mliko, ninyi na familia zenu. Sisi huku Kasulu hatujambo, mvua zimeanza na watu wanapanda maharage. Naomba radhi kwa kuwasumbua katika kazi zenu.

"Dada," Nickson alisema, amejishika mbavu, "unapeleka posa?"

"Nyamaza. Huwezi kuingia kwa watu na jembe hujasalimia."

Akabonyeza. Ombi likaenda.

Jibu lilikuja kutoka kwa msimamizi aliyejiita Saady. Hakukuwa na picha. Hawakujua ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, yuko kisiwa gani au bara gani. Saady alisalimu kwa neno moja na kwenda moja kwa moja. Kwa nini umeondoa ukaguzi wa majina? Kwa nini familia hizi zisiandike tu jina la baba? Kwa nini hukuongeza majaribio ya kuthibitisha kwamba kazi yako haiharibu kitu kingine?

Mpawenimana alisoma mara moja tu. Uso ulimwaka moto. Alifunga ukurasa, akatoka nje, akasimama kwenye ukuta wa maabara mahali pasipo na watu.

Hakumjibu Saady siku ile, wala iliyofuata. Hakuwa amekata tamaa, na hakuwa mvivu. Alifanya alichofundishwa. Nyumbani kwao mkubwa akikuuliza kwa nini umefanya hivi, huulizwi chochote, unaambiwa umekosea. Ukijibu, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Unachofanya ni kunyamaza, uinamishe kichwa, uende ukachote maji au ukaokote kuni, ufanye kazi yako vizuri kimya kimya mpaka mkubwa moyo wake upoe na akuite mwenyewe kwa jina. Ndivyo binti mwenye adabu anavyorudishwa. Basi Mpawenimana alirudi maabara kila alasiri, akayaandika yale majaribio aliyoulizwa, moja moja, kwa usafi kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote, akayahifadhi kwenye kompyuta yake bila kumtumia mtu. Alikuwa anasubiri kuitwa.

Badala ya kuitwa, ulikuja ujumbe ambao haukuandikwa na mtu. Mashine ya mradi ilitangaza kwamba ombi hili limekaa bila majibu, na lisipojibiwa kabla ya toleo jipya kufungwa mwisho wa mwezi, litatupwa. Toleo hilo ndilo lingekwenda kwenye zahanati. Likipita bila rekebisho, hakuna aliyejua jingine lingekuja lini, na kila mwezi Immakulata angekwenda kliniki akaandikwe mlezi.

"Hivi wewe," Nickson alisema akisoma juu ya bega lake, "kwa nini hujamjibu huyu jamaa?"

"Amenikasirikia."

"Kakasirika wapi? Nionyeshe."

Akamwonyesha. Kwa nini, kwa nini, kwa nini. Nickson alifungua mdomo acheke, halafu cheko likamwishia njiani. Yeye ni Muha, lakini desturi ni ile ile. Naye baba yake alikuwa na swali hilo hilo, na jibu lake lilikuwa kuangalia vidole vya miguu.

"Mh," alisema. "Kwetu hapo ukijibu unakula kofi."

"Umeona?"

"Lakini huyu hakujui, Mpawe. Hajawahi hata kukuona. Kofi atalitoa wapi?"

Wakamwita mwalimu. Crispin alivuta kiti, akasoma polepole, miwani imeshuka puani.

"Huyu anauliza," alisema.

"Anauliza kweli, mwalimu? Anataka nimjibu?"

"Anataka umjibu. Yeye hajui ya kwenu, wewe unayajua. Usipomwambia atayajulia wapi?" Kisha akavua miwani, akawatazama wote wawili kama aliyefumbuliwa jambo. "Kumbe! Muhula mzima nasimama pale mbele nawauliza kwa nini, kwa nini, mnaangalia viatu. Nikasema hili darasa limerogwa."

"Tunakuheshimu, mwalimu," Nickson alisema kwa upole mwingi.

"Acheni kuniheshimu. Mtanimaliza."

Alicheka Mpawenimana pia, lakini hakuandika. Kujibu "kwa nini" ya Saady kulikuwa ni kumweka mama yake mbele ya watu asiowajua. Alitoka nje, akapiga simu nyumbani. Immakulata alikuwa shambani. Upepo ulisikika kwenye simu, na Nduwayezu akimwimbia kuku.

"Mama, kuna mtu wa mbali anauliza kwa nini majina yetu hayafanani. Ndiye anayeweza kuiondoa ile mlezi. Nimwambie?"

"Ameuliza?"

"Ego."

"Hakusema tu tubadilishe?"

"Amesema hilo pia. Lakini ameuliza."

Kwenye simu lilisikika jembe likiwekwa chini.

"Mwana wanje, mwanangu," Immakulata alisema, "mimi mama yangu alinifia nikiwa nanyonya. Nililelewa na jirani yetu. Mwema, Mungu amlaze pema, hakunilaza njaa hata siku moja. Lakini shuleni wakiita wazazi, wenzangu waliitwa mama nani, mama nani. Wakifika kwangu, mlezi wa Immakulata. Nilisema moyoni, nikija kuzaa, wangu wataitiwa mama. Nilipokupata wewe nilikaa na jina lako mdomoni siku nzima, sikutaka hata kula. Sasa nikuvue jina ili nibaki mama yako? Mwambie huyo mtu. Mwambie yote. Na umsalimie."

Mpawenimana hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alirudi ndani akaandika, na safari hii hakuomba radhi kwa kusumbua. Alieleza majina matatu ya nyumba yao na kila jina lilikuja na nini. Alieleza kwa nini kuandika jina la baba ni kumwambia mama afute sala yake ili kompyuta itulie. Aliandika kwamba mama yake alilelewa na mlezi na anaijua tofauti. Kisha akatuma yale majaribio yote yaliyokuwa yakisubiri kuitwa, na mwishoni kabisa: mama yangu anakusalimu.

Saady alijibu kesho yake. "Mstari ule niliuandika mimi," jibu lilianza. "Kwetu ukoo mzima tuna jina moja, na sikuwahi kujiuliza. Msalimie mama yako." Majaribio yalikuwa mazuri. Kulikuwa na jambo moja tu. Kuondoa ukaguzi kwa watu wote kungewashtua wasimamizi wengine. Je, asiweke kitufe pembeni, ili nesi akibonyeze anapohudumia familia zenye asili ya Burundi, na wengine waendelee kama zamani? Hivyo lingepokelewa leo leo.

Nickson alirusha ngumi hewani. "Limepita! Weka kitufe, tukale chipsi."

Mpawenimana hakuinuka. Alikuwa anaiona zahanati, foleni imejaa mpaka nje, na Nesi Rabia amelazimika kuinua kichwa kila anapofika mwanamke mwenye jina kama lao na kumuuliza mbele za watu: mama, wewe asili yako ni wapi? Aliwaona akina mama wakishusha macho. Ni watu waliozaliwa hapa, wamelima hapa, wamezika hapa, wameapa kiapo cha nchi na mkono juu, halafu ili mtoto apimwe uzito waseme tena walikotoka wazazi wao. Kitufe kile kingekuwa kimemtoa mama yake kwenye mlezi na kumrudisha kwenye mgeni.

"Siweki," alisema.

"We! Wakilitupa je?"

"Walitupe."

Lakini alijua alichokuwa akikihatarisha ni cha mama, si chake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mkubwa hapana. Aliiandika, akaifuta, akaiandika. Hapana, Saady. Ukiweka kitufe, lazima mtu aulizwe anatoka wapi ndipo aruhusiwe kuwa mama. Hakuna anayepaswa kuulizwa hivyo kwenye mzani wa mtoto. Na si sisi peke yetu. Yuko msichana aliyempa mtoto jina la babu kwa sababu baba alikimbia, yuko mjane aliyeolewa tena. Nesi amemwona mama na mtoto kwa macho yake. Mwaminini nesi.

Akatuma kabla Nickson hajamshika mkono.

Safari hii aliyenyamaza alikuwa Saady. Siku zilipita. Mwisho wa mwezi ulikaribia. Mpawenimana alikuwa akifungua ukurasa asubuhi kabla ya uji na kuufunga, na Nickson, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alijifunza kukaa karibu na mtu bila kuongea. Alimletea karanga. Mwalimu Crispin alipita, akauliza kwa nyusi tu, akaendelea na safari.

Kumbe Saady alikuwa akiwajibu wasimamizi wengine. Mabishano yao yalikuwa wazi kwenye ukurasa mwingine ambao Mpawenimana hakujua upo, na Nickson ndiye aliyeuvumbua. Mmoja alitaka kitufe. Mwingine alisema kubadilisha ni hatari. Saady alikuwa amewaandikia maneno mengi, na katikati yake: mwandishi wa ombi hili amesema hapana, na nimeshindwa kupata sababu ya kumpinga. Wala wao hawakuipata. Siku toleo lilipofungwa, rangi ya ombi lake ilibadilika, na chini yake pakaandikwa kwamba limepokelewa, na jina lake likakaa kwenye orodha ya waliotengeneza programu, zima, Mpawenimana, bila jina la mtu mwingine nyuma yake.

Hakupiga kelele. Alilaza kichwa mezani, na Nickson akampigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto, akiwaambia waliogeuka, "Yuko sawa, yuko sawa, jamani, ana furaha."

Likizo iliyofuata, kishikwambi cha zahanati kilikuwa kimeshapokea toleo jipya. Nesi Rabia aliandika, akangoja, mkono wa kushoto umemshika Nduwayezu asishuke kwenye mzani. Hakikufuta.

"Imekubali," alisema. "Ee Mola wangu, imekubali. Mama: Immakulata. Mtoto: Nduwayezu. Njoo uone mwenyewe."

Immakulata aliinama akatazama. Alisoma kwa midomo, taratibu, na alipofika mwisho akarudi mwanzo. Mpawenimana alisubiri machozi, akawa tayari na kitenge. Hayakuja. Mama yake aliinuka, akajiweka sawa, akamgeukia mwanamke aliyefuata kwenye benchi, mgeni aliyetoka kijiji cha Kitanga kuwatembelea ndugu, mwenye watoto watatu waliofuatana kama hatua za ngazi.

"Dada, umeona huyu?" alimwambia, akimvuta Mpawenimana mkono. "Huyu ni binti yangu. Nimemzaa mimi. Zamani humu ndani wangekuandika mlezi wa watoto wako. Yeye amewakatalia!"

"Mama, jamani," Mpawenimana alinong'ona. "Acha."

Nesi Rabia alikuwa ameshayaandika majina ya wale watoto, matatu, hakuna lililofanana na jingine wala na la mama yao, na kishikwambi hakikuguna. Mwanamke wa Kitanga aliwatazama wale wawili, mama na binti, kama watu waliochanganyikiwa kidogo.

"Mlezi?" alisema. "Mlezi wa kazi gani, nami nipo?"

Akambeba mdogo, akawasukuma wakubwa mbele yake, akatoka nje kwenye jua.